Maneno ya Karata na Hesabu Yake

Malinya, katika nchi ya Waidakho huko Kakamega, ni mahali panaposifika kwa mafahali. Watu hutoka vijiji vya mbali kuja kuwatazama wawili wakisukumana pembe kwa pembe mpaka mmoja ashindwe na kukimbia. Isukuti nayo huvuma, ngoma ile ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika turathi zinazohitaji kulindwa upesi. Sisi tulikwenda kwa ajili ya hayo. Lakini lililotukaa moyoni tuliliona kando, chini ya mti, ambapo vijana sita walizunguka gunia lililotandikwa karata.

Mchezo wenyewe ulikuwa ishirini na moja, ambao kwenye kasino huitwa blakijeki. Mmoja akigawa, wengine wakiita: hiti, standi, basti. Kijana mmoja, mwenzetu wa pwani aliyekwenda huko kwa kazi, alikuwa ameshapoteza nauli ya kurudia kwao. Tukamwuliza, "Basti maana yake nini, mwanangu?" Akajibu, "Mzee, maana yake umekwisha." Tukamwuliza tena, "Na mgawaji naye akipita ishirini na moja?" Akasema, "Huwalipa waliobaki. Mimi nimeshatoka." Alisema hivyo kama asemaye mvua imenyesha. Neno alilijua, hila iliyo ndani ya neno hakuiona.

Hapo ndipo tulipoona haja ya kuandika haya. Kiswahili si mgeni wa karata. Mreno alifika pwani yetu mwaka 1498, akajenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, akatolewa mwaka 1698. Mizinga yake ilinyamaza, lakini karata zake zilibaki barazani. Neno lenyewe karata ni lake, na turufu ni lake. Shupaza ni panga zake, kopa ni vikombe vyake, uru ni dhahabu yake, na pau ni magongo yake. Wazee wetu wakaziita karata zenye sura za watu wazungu: mfalme ni mzungu wa nne, ghulamu ni mzungu wa tatu, na bibi ni mzungu wa pili. Wengi hudhani majina hayo yamepangwa ovyo, maana vipi ghulamu amtangulie bibi? Si ovyo. Katika michezo ya Kireno mfalme huhesabiwa alama 4, ghulamu 3 na bibi 2. Jina lilibeba hesabu, na mtoto aliyelijua jina alikuwa ameshaijua bei.

Basi na tulipime jina la huu mchezo mwingine kwa mizani hiyo hiyo. Ishirini na moja nayo ni ya zamani. Mwandishi wa Kihispania, Cervantes, aliitaja katika hadithi iliyochapwa mwaka 1613. Kanuni zake ni nyepesi. Wazungu wote watatu huhesabiwa 10, na ree huwa 1 au 11 kwa hiari ya mwenye kuishika. Hiti maana yake niongeze karata. Standi maana yake zanitosha. Basti ni kupita 21, na huko ni kuungua. Mkilingana na mgawaji ni sare, kila mtu na chake. Ree na karata ya 10 zikikujia katika mbili za mwanzo, huo ndio ushindi mkubwa.

Sasa tazama ulipo mtego. Mchezaji hulazimika kuamua kwanza, na mgawaji huamua mwisho. Ukiungua wewe, dau lako huchukuliwa pale pale, hata kama mgawaji ataungua baada yako. Mmeungua wawili, lakini aliyelipa ni mmoja. Hapo ndipo inapotoka faida ya mwenye meza, wala hahitaji kuiba. Mathalan umeshika 16. Karata zina daraja 13, na kuanzia sita hadi mfalme ni daraja 8, zote zakuunguza. Zilizobaki za kukuokoa ni 5. Na ushindi mkubwa nao una hila yake. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba aliyeweka shilingi 100 hulipwa 150. Siku hizi meza nyingi hulipa 120, na mchezaji hushangilia vile vile.

Tunajua wako watakaosema: haya ni mambo ya haramu, kuyafasiri kwa Kiswahili ni kuyapamba. Twaiheshimu hofu yao, lakini hatukubaliani nao. Kamari imetajwa kwa jina lake katika Sura ya al-Baqara na ya al-Maida, wala haikufichwa. Maulamaa waliposomesha fiqhi ya biashara walizieleza mulamasa na munabadha, bei za kugusa na za kurusha, hatua kwa hatua, ili mtu azitambue azikimbie. Mganga huutaja ugonjwa kwa jina. Asiyeutaja hamponyi mtu.

Tena hatuzungumzi juu ya wazee wanaocheza wahedi wa sitini barazani baada ya alasiri, bila ya senti moja kati yao. Hilo nalo wanavyuoni wamekhitilafiana, na kila mtu ana sheikh wake wa kumwuliza. Tunazungumza juu ya dau, na juu ya kijana aliye mbali na kwao, na simu yake mkononi ambamo meza hiyo hiyo hufunguka usiku wa manane bila ya mti wala gunia.

Kijana huyo hupewa maneno ya kigeni, matamu mdomoni, ambayo hayamwambii kitu. Akiambiwa "basti" hucheka. Akiambiwa "umeungua, na aliyekuunguza naye ameungua lakini fedha kachukua yeye," huenda akasimama. Kwa hiyo twawaomba wazazi, walimu wa skuli na walimu wa vyuoni wasitosheke na kusema "usicheze" wakanyamaza. Wakae na vijana, wawahesabie kwa Kiswahili, karata moja moja, mpaka wajionee wenyewe dau linakwenda kwa nani.

Kijana wetu wa Malinya tulimpa nauli. Alipoipokea alitazama gunia, kisha akatazama njia. Alhamdulillahi, alishika njia.