Kipa wa akiba chini ya maji

Wadau, timu gani inapanda basi bila kipa wa akiba? Kuna mshikaji wangu ameanza kuzamia kule Nungwi, sasa anataka kununua kichupa cha hewa ya dharura cha nusu lita, eti chepesi. Nikamwambia piga hesabu kwanza.

Kikijazwa presha ya baa 200 (siyo baa zenu hizo), kina lita 100 za hewa. Mtu aliyetulia juu ya maji hutumia kama lita 20 kwa dakika. Mita 20 chini presha ni mara tatu, kwa hiyo lita 60, na akiingiwa na hofu ni zaidi. Kupanda kwa mwendo salama, mita 9 kwa dakika, kunapita dakika mbili. Hewa inaweza kukata njiani! Mtungi wa akiba wa lita 3 una lita 600. Huo ndio kipa.

Mtungi mkubwa asihangaike kununua; akodi ule wa alumini wa lita 11, unamtosha. Mzamiaji mwenzake naye ni akiba, sikatai, ila beki akipanda kushambulia unamwona wapi?