Shokapu za Tabora Anazikagua Nani? Barua ya Wazi kwa Shirika la Viwango

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mheshimiwa,

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Tabora ikagawanyika, wengine wakishika njia ya Ujiji, wengine wakipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Njia bado zinaachana hapa hapa: Nzega, Itigi, Sikonge hadi Mpanda, Urambo na Kaliua hadi Kigoma. Mzigo wa leo umebebwa na Noah, Hiace, Land Cruiser kuukuu na Probox za mchomoko zilizomaliza ujana wao Japani. Lami imesogea sana, hilo lisibishwe. Lakini tumbaku ya Urambo na asali ya Sikonge hazitoki kandokando ya lami. Zinatoka ndani, kwenye vumbi lenye mawimbi madogo madogo kiangazi na matope ya mbuga masika, na huko ndiko shokapu zinakofia.

Mwenye gari akisikia chini kunagonga huenda kwa fundi, na fundi humtuma dukani. Dukani hukuta madaraja manne ya spea, ingawa muuzaji hutaja mawili tu, orijino na feki. La kwanza ni spea mpya yenye nembo ya mtengenezaji wa gari. La pili ni spea mpya ya kampuni nyingine inayojulikana kwa kazi yake. La tatu ni mtumba uliofunguliwa kwenye gari bovu la Japani, nao pia huitwa orijino. La nne ni bidhaa iliyovaa boksi la mwenzake. Barua hii inahusu madaraja mawili ya katikati, kwa sababu ndiyo wanayoyamudu watu wengi wa njia hii, na ndiyo ambayo hakuna anayewasaidia kuyapima.

Inafaa kuanza na mtumba. Ndani ya shokapu kuna mafuta, pistoni na vali ndogo zinazoyabana mafuta yapite polepole. Gari likikimbia kwenye mawimbi ya vumbi, pistoni hupanda na kushuka bila kupumzika na mafuta huchemka. Yakichanganyika na hewa hutoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia springi isirukeruke. Ndiyo maana shokapu nyingi za kisasa hujazwa gesi ya naitrojeni: mgandamizo wake huzuia povu lisitokee. Sili zikichoka, gesi hutoka na mafuta hufuata. Kwa nje chuma kinaweza kubaki kinang'aa, hasa kikipakwa rangi nyeusi mpya. Mnunuzi anaibonyeza kwa mkono, inarudi, analipa. Mkono hauwezi kuiga kilomita 60 za vumbi, na jina la kiwandani lililopigwa mhuri kwenye chuma hicho halirudishi gesi iliyokwisha kutoka.

Spea mpya ya kampuni nyingine, kwa upande wake, hudharauliwa bila kosa. KYB ya Japani hutengeneza shokapu zinazofungwa kwenye magari mapya kiwandani, kisha huuza nyingine madukani kwa jina lake yenyewe. Sankei, pia ya Japani, inajulikana na kila fundi kwa alama yake ya 555 kwenye boljointi na tairodi. Old Man Emu ya Australia ilizaliwa katika nchi yenye barabara za vumbi ndefu kuliko zetu. Kwa maoni ya mwandishi wa barua hii, Land Cruiser inayokwenda Mpanda ikiwa imeshiba mizigo inaweza kufaidika zaidi na shokapu ya namna hiyo kuliko na ile iliyotoka nayo kiwandani. Bushi ni habari nyingine. Mpira wake ukiwa hafifu huachana na chuma mapema, na hapo nembo ya mtengenezaji wa gari mara nyingi inastahili bei yake.

Tatizo ni kwamba majina mazuri ndiyo yanayoigizwa zaidi. Boljointi ya kuigiza ikichomoka, tairi hulala kando na usukani haumsikilizi dereva tena.

Shirika lako, Mheshimiwa, halikosi nyenzo. Kiwango TZS 698 kinaeleza namna ya kukagua gari lililotumika kabla halijaruhusiwa barabarani, na chini ya gari ni sehemu ya ukaguzi huo. Tangu 2012 upo mpango wa PVoC wa kukagua bidhaa huko zinakotoka. Lakini ukaguzi wa gari ni wa siku moja, na gari huishi miaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, ilhali Tanzania huliruhusu na kulitoza ushuru wa uchakavu. Uamuzi huo una faida yake kwa mtu wa kipato cha kawaida, ila maana yake ni kwamba shokapu na boljointi ambazo gari liliingia nazo zitabadilishwa hapa nchini, pengine mara nyingi. Hizo za pili na za tatu ndizo zinazobeba abiria wa Kaliua.

Wenzetu wa Ulaya walilikabili jambo hili kwa sheria. Kanuni namba 1400 ya mwaka 2002 ya Umoja wa Ulaya ilitambua vipuri vyenye ubora unaolingana na vya awali, kwa sharti kwamba mtengenezaji aweze kuuthibitisha ulinganifu huo wakati wowote. Haikuwalazimisha watu wanunue nembo ya gari, wala haikuwaacha mikononi mwa muuzaji. TBS inaweza kudai hivyo hivyo kwa vipuri vya usukani na vya miguu ya gari: jina la aliyetengeneza, nchi, namba ya kipuri na uthibitisho wa ubora, vyote visomeke kwenye boksi na kwenye risiti. Boljointi na tairodi za mtumba zisiuzwe kabisa. Shokapu ya mtumba iuzwe kwa jina la mtumba.

Kisha sampuli zichukuliwe madukani Tabora, Mpanda na Kigoma, si bandarini peke yake. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na bidhaa hafifu ni kazi ya TBS, lakini kwa mnunuzi aliyeshika boksi moja mkononi mpaka huo hauonekani. Taasisi hizi mbili zikija pamoja na kutangaza matokeo kwa majina ya bidhaa, karatasi moja iliyobandikwa stendi na kwenye gereji itatosha kwa kuanzia. Kiangazi, magari ya tumbaku yanapokuwa barabarani, ndio wakati mzuri wa kuja.