Udaku Umehamia kwa Mwenyewe

Tarehe 14 Februari 2018, siku ambayo wapendanao hupeana maua mekundu, Zari Hassan aliweka Instagram picha ya ua jeusi na maelezo kwamba yeye na mwanamuziki Diamond Platnumz, baba wa watoto wake wawili, basi tena. Hakuitisha mkutano na waandishi wa habari, wala hakumtuma shoga yake akanong'one redioni. Gazeti la kesho yake lingekuja na nini kipya?

Miaka michache nyuma habari ya namna hii ilikuwa na njia yake. Magazeti ya udaku kama Ijumaa, Risasi na Kiu yaliishi kwa habari hizo. Mapaparazi walikesha nje ya kumbi za Kinondoni na Sinza, na asubuhi staa alijikuta ukurasa wa mbele, picha imekatwa vibaya, kichwa cha habari kina alama tatu za mshangao. Mastaa waliyalaani magazeti hayo, ingawa wapo waliokuwa wakiyapigia simu wenyewe. Mitandao ya kijamii ilipoenea wakashangilia: sasa tutasema na mashabiki wetu moja kwa moja, hakuna wa kutupotosha.

Nionavyo mimi, kilichobadilika ni mhariri. Staa ameichukua biashara ya udaku, anaiendesha mwenyewe, na faida inaingia mfukoni kwake badala ya kwa mwenye gazeti. Hapo sina ugomvi naye, maana habari ni zake. Ugomvi wangu unaanza pale biashara hiyo inapoitwa ukaribu na mashabiki, tukaacha kuuliza gharama zake zinalipwa na nani.

Kwa faida, mfano ni huyohuyo Diamond, kijana wa Tandale ambaye hakuna aliyeisoma simu ya Mtanzania vizuri kuliko yeye. Mwaka 2017 alipoingiza sokoni manukato ya Chibu na karanga zenye jina lake, hakuhitaji kuzunguka maduka akijitambulisha. Watu waliomfuata kwa ajili ya nyimbo, safari na mapenzi yake walikuwa palepale wanaangalia. Juni 2020 chaneli yake ya YouTube ilitimiza kutazamwa mara bilioni moja, na akawa mwanamuziki wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Zipo nyimbo nzuri ndani ya hesabu hiyo, tusimnyime haki yake. Hakuna kiki, yaani kituko cha kutafuta umaarufu, iliyowahi kuufanya wimbo mbovu uchezwe harusini miaka mitano mfululizo.

Kiki zenyewe kila mtu anazijua. Wimbo ukikaribia kutoka, penzi linavunjika. Wimbo ukishatoka, penzi linarudi. Wazee wetu husikitika kwamba vijana wanadanganywa mchana kweupe. Sikubaliani nao. Anayedhani shabiki anadanganywa hajawahi kusoma maoni: chini ya picha ya staa anayelia, haipiti dakika tano kabla mtu hajauliza wimbo unatoka lini. Shabiki anaifuatilia kama tamthilia, na ana haki ya kufurahia tamthilia aliyoichagua kwa bando lake.

Wanaoumia ni wengine. Wa kwanza ni wanawake wanaoingizwa kwenye hadithi. Kulikuwa na Team Wema, mashabiki wa Wema Sepetu, mpenzi wa zamani wa Diamond, na Team Zari, na waliokuwa Instagram miaka ile watakumbuka lugha iliyotumika. Mmoja akasimangwa kwa kutozaa, mwingine kwa umri wake, na watu ambao hata kusalimiana nao hawajawahi. Mwanamume aliyekuwa katikati ya ugomvi aliendelea kuposti. Na hapa lazima tuuseme mtambo wenyewe wa Instagram, maana hauna huruma wala chuki. Hauulizi kama maoni ni dua au tusi. Unachohesabu ni kwamba watu wamesimama mahali hapa, basi unaisukuma picha hiyo mbele ya watu wengine zaidi. Staa anayetaka timu ziache kutukana anajua kwamba utulivu utampunguzia wasomaji. Ndiyo maana karipio, likija, huja la nusu mdomo.

Wa pili ni watoto. Mtoto wa kwanza wa Diamond na Zari, aliyezaliwa Agosti 2015, alifunguliwa akaunti ya Instagram angali mchanga. Si yeye peke yake. Siku hizi wapo wanaofunguliwa kabla hata hawajazaliwa, na jina la akaunti hujulikana kabla ya arobaini. Mtu mzima akiuza siri yake ni hiari yake. Mtoto hakuulizwa, na picha zilizokwisha kunakiliwa na kurasa mia hazirudi ndani. Katika jambo hili sioni upande wa pili wa kuupima.

Serikali nayo ilijaribu kuingia kati, ila ilishika mkono usiouma. Machi 2018 Tanzania ilianza kutumia kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Mwezi uliofuata Diamond alihojiwa na polisi kwa video yake ya faragha aliyoiweka Instagram, na Waziri Harrison Mwakyembe akalitaarifu Bunge. Kabla mwaka haujaisha, Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006, alisimamishwa katika Mahakama ya Kisutu kwa kosa linalofanana, baada ya Bodi ya Filamu kumfungia. Busu likapelekwa polisi. Matusi ya timu, yaliyowaumiza watu wenye majina na wazazi, hayakupata kishindo kama hicho.

Wiki ileile Diamond alipohojiwa, Aprili 2018, Ali Kiba alikuwa Mombasa akifunga ndoa. Mpinzani huyu mkubwa wa Diamond alirudi na wimbo "Mwana" mwaka 2014, baada ya ukimya ambao wengi waliudhani ni kustaafu, na Team Kiba ikamkuta hana maneno mengi ya kuipa. Kwa hesabu za YouTube ameachwa mbali. Lakini hajakosa mashabiki, na wanaompenda humpenda kwa ukali uleule, tena wakijivunia kwamba mtu wao hasemi ovyo. Ukimya nao una soko, japo ni soko dogo na linamtaka msanii awe na sauti ya kulisubirisha.

Wanaosema bila mitandao staa hawezi kupendwa nawakumbusha mwigizaji Steven Kanumba. Alifariki Aprili 2012, Instagram ikiwa haijashika mizizi Tanzania. Umati uliofurika Leaders Club kumuaga, hadi watu wakazimia, ulimjua kwa filamu zilizouzwa kwenye diski madukani Kariakoo na kuangaliwa sebuleni na majirani. Wengi wao hawakuwahi kusoma neno aliloandika yeye kwao. Ukiniuliza ukaribu ni nini, umati ule unanitosha kuliko wafuasi wa ukurasa wowote, maana kufuata ni kubonyeza kitufe, na kwenda Leaders juani kunataka nauli.

Na staa mwenyewe anaujua mpaka wa ukurasa wake kuliko wachambuzi wanaomsifia. Kama Instagram ingetosha, Diamond asingehangaika na leseni, mitambo na mishahara ya watangazaji ili aanzishe Wasafi TV na Wasafi FM. Alianzisha kwa sababu nchi hii bado ina mama ntilie, dereva wa daladala na mkulima wa korosho ambao bando lao huisha kabla ya wiki, lakini redio zao haziishi. Na kwa sababu akaunti ya Instagram, hata iwe na mamilioni ya wafuasi, mwenye nyumba yuko California; akiamua kubadili namna anavyopanga picha, staa wa Dar es Salaam hana mlango wa kugonga. Redioni yeye ni miongoni mwa wenye nyumba. Mule ndani, watangazaji wake wanakaa kila asubuhi kuchambua walichoposti mastaa jana usiku.