Mwalimu, tule ndizi ngapi?

Nikiwa BTP Ukerewe nilifundisha kinga ya mwili kidato cha kwanza. Nikawaeleza kwamba miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Charles Arntzen, aliwaza kuweka chanjo ndani ya ndizi: mtoto anakula tu, hakuna sindano. Darasa likachangamka. Binti mmoja wa nyuma akauliza, kwa Kiswahili, nami sikumkataza: “Sasa mwalimu, tule ndizi ngapi?”

Nikacheka. Kumbe ndilo swali lililowasumbua wataalamu. Ndizi hazilingani, na dozi ya chanjo si ya kukisia. Mwaka 1998 yalitoka matokeo ya watu waliokula viazi vyenye chanjo, na miili yao ikatengeneza kingamwili. Lakini vilikuwa viazi vibichi, jamani! Nani atavitafuna?

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema hiki ni chakula. Ni dawa. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tokyo walilielewa hilo: mpunga wao wenye chanjo ya kipindupindu hulimwa ndani ya jengo lililofungwa, ukasagwa unga, ukapimwa, ndipo mtu akanywa. Matokeo ya majaribio kwa binadamu yalitoka 2021. Wengine miili iliitika, wengine haikuitika. Kazi bado. Ila unga ule hauhitaji friji.

Hapo ndipo mimi ninapong’ang’ania. Zanzibar mwaka 2009 watu walikunywa chanjo ya kipindupindu, lakini nayo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kule visiwani nilimwona mama aliyevuka kwa mtumbwi na mtoto mgongoni, akaambiwa friji imekufa, arudi wiki ijayo. Nauli ya wiki ijayo anaijua yeye. Na maji ya kunywa nyumbani kwake ni haya haya ya ziwa.

Mwaka 2021 serikali yetu ilisitisha majaribio ya mbegu za GMO. Hofu ya mkulima kutegemea mbegu za kununua naielewa, baba yangu ni mkulima. Lakini mmea wa dawa uliofungiwa ndani hauendi shambani kwa mtu wala sokoni Kirumba. Tuyajadili mambo haya mawili mbalimbali. Tukiyafunga kitita kimoja, unga usiohitaji friji utatafitiwa na wenye mafriji, sisi tutausubiri kwenye foleni.

Maji safi na vyoo kwanza, sibishi. Ila yule mama wiki ijayo anavuka tena.