Unyenyekevu Si Unyonge, Tumaini Si Tamaa

Kila mtihani wa KCSE unapokaribia, shule nyingi humu nchini huandaa siku ya maombi. Wazazi hualikwa, mhubiri huletwa, na watahiniwa huinua kalamu zao juu ili ziombewe. Sina ugomvi na desturi hiyo. Mimi ni Mkristo, na zamani zangu niliinua yangu. Lakini hivi majuzi, nikiwa nimeketi miongoni mwa wazazi, nilisikia mahubiri yaliyonitia simanzi. Mhubiri aliwaeleza vijana kwamba unyenyekevu ni kutomjibu mkubwa, uaminifu ni kutoa sadaka bila kukosa, na tumaini ni kuwa na hakika ya kupata alama ya A. Ukumbi mzima ukaitikia amina.

Mimi ni mtu wa isimu, na watu wa isimu wana ila ya kuyachokonoa maneno wakati wenzao wanasali. Hata hivyo, maneno haya matatu yanastahili kuchokonolewa, maana yakipotoshwa hubaki dini isiyomhitaji Kristo hata kidogo.

Tuanze na unyenyekevu. Katika Kigiriki cha zama za Agano Jipya, neno tapeinos aghalabu lilimtaja mtu wa chini, asiye na hadhi. Halikuwa sifa ambayo mtu huru angetamani kuitwa. Paulo alilichukua neno la jamii hiyo hiyo na kuwaandikia nalo watu wa Filipi, mji wa Makedonia. Filipi ulikuwa koloni la Kirumi ambako askari wastaafu walipewa mashamba, na wenyeji wake walijivunia uraia wa Roma kama baadhi yetu tunavyojivunia shahada. Hao ndio walioambiwa kwamba Kristo, aliyekuwa na hadhi ya Mungu, hakuing'ang'ania, bali alijishusha akawa mtumwa, akafa msalabani. Msomaji wa leo huupita msalaba upesi kwa sababu ameuzoea shingoni mwa watu kama pambo. Mfilipi hakuweza. Alijua kwamba msalaba ulikuwa kifo cha watumwa na waasi, na kwamba raia wa Roma kwa kawaida hakusulubiwa.

Tazama basi ni nani anayejishusha katika habari hiyo. Ni aliye juu. Paulo hawaambii watumwa wa Filipi wainame zaidi. Wao walikuwa wamekwisha kuinamishwa. Ndiyo maana hushangaa nikiona fundisho hili likigeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wadogo. Kila walimu wa nchi hii wanapogoma kudai haki yao, kama walivyogoma mwaka 1997, hawakosi wa kuwakumbusha kwamba ualimu ni wito na mwenye wito hanung'uniki. Ajabu ni kwamba wasemao hivyo ni nadra wao wenyewe kupunguza marupurupu yao. Huo si unyenyekevu wa Kikristo. Ni unyonge uliovikwa kanzu ya kanisani. Paulo mwenyewe, alipopigwa viboko na kufungwa mjini Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutoroshwa kimyakimya. Aliwataka wakuu wa mji waje wenyewe wamtoe, kwa kuwa alikuwa raia na haki yake ilikuwa imevunjwa.

Kuhusu uaminifu, lugha yetu imetutangulia kufasiri. Amini, imani, uaminifu, amana na hata ile amina tunayoitikia yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na Kiebrania nacho kinao. Kigiriki hutumia neno moja, pistis, kwa imani na kwa uaminifu. Kwa hiyo anayedai kuwa na imani huku amana aliyokabidhiwa ikiozea mikononi mwake, lugha yenyewe inamsuta.

Nilisutwa mimi. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa nne alinijia ofisini. Alama za somo langu hazikuonekana katika matokeo yake, na bila hizo asingeingia katika orodha ya mahafali. Karatasi yake ilikuwa kabatini mwangu, haijasahihishwa, kwa kuwa jioni zangu nilizitumia kufundisha kwingine ili niongeze kipato. Nilimwambia awe na subira. Alinishukuru, akatoka, naye akakosa mahafali. Jumapili iliyofuata somo lilikuwa lile la Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu. Kumwomba kijana yule radhi hakukuwa vigumu sana. Machozi hata hutupendezesha. Kilichoniwia kigumu ni kumwandikia mkuu wa idara barua ya kukiri kwamba kosa halikuwa la mwanafunzi wala la ofisi ya mitihani. Niliichana mara mbili kabla ya kuituma.

Limebaki tumaini. Watu hulichanganya na tamaa kwa kuwa yanafanana masikioni, lakini asili zake ni mbili. Tamaa ni kukitaka kitu mno. Tumaini limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutulia, moyo kuwa na utulivu kwa sababu una pa kuegemea. Mtihani wa mwaka 2015 ulipovuja, hata bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa Machi 2016, sidhani kwamba sala za shuleni zilikuwa zimepungua mwaka ule. Tamaa husali pia, tena kwa sauti.

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, asijue kama ataachiliwa au atauawa, na barua yake imejaa furaha. Hakujiahidi kufunguliwa. Alikuwa ameegemea kwa Kristo, na hilo lingesimama hata hukumu ikimwendea vibaya. Aliwataja pia wenzake, akiwamo Epafrodito, aliyetumwa na Wafilipi kumpelekea msaada, akaugua huko nusura afe, na sasa alikuwa akirudi nyumbani. Paulo aliwaomba wampokee kwa heshima.

Binti yangu alikuwa mmoja wa walioinua kalamu siku ile. Tulipotoka aliniuliza kwa sauti ya chini kama aliyeomba kwa imani akapata D huwa ameachwa na Mungu. Nilimwambia la. Halafu nikamsimulia habari za Epafrodito, mpaka tukafika kituo cha matatu.