Mji wa Kale wa Mombasa Hautaki Mfuko Mzito

Desemba inapokaribia, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Kisumu huketi kupiga hesabu ya kuteremka Mombasa, na nyingi huishia kufunga daftari. Hesabu yenyewe huanza mahali pasipofaa: chumba cha hoteli ya ufuoni, milo mitatu ya hapo hapo hotelini, gari la kukodi, na siku moja ya mashua. Karo ya Januari ikikumbukwa, safari huahirishwa hadi mwaka ujao. Hata wanaofaulu kufika, wengi huvushwa moja kwa moja hadi Diani au hupelekwa Nyali na Bamburi, wakae siku zao kando ya bwawa la kuogelea, kisha warudi bara bila kukanyaga Ndia Kuu, njia maarufu ya Mji wa Kale. Wamefika Mombasa na hawakuiona.

Jambo hili linasikitisha, kwa sababu Mombasa yenye historia ndiyo hiyo hiyo Mombasa ya bei nafuu. Mambo ambayo mji huu umeyalimbikiza kwa mamia ya miaka yamo barabarani, kwenye kuta, kwenye milango na kwenye karai za mafuta, na mengi yake hayana kiingilio. Asiye na pesa nyingi analazimika kutembea kwa miguu, kula wanapokula wenyeji na kupanda matatu wanazopanda, na kwa kufanya hivyo anaujua mji kuliko mgeni wa hoteli ya kifahari.

Tuanze na nauli. Treni ya SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, hutoza shilingi 1,500 daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa. Nauli hiyo ilipanda kutoka 1,000 Januari 2024 na wengi walinung'unika, kwa haki, lakini bado ni bei ambayo mabasi hupata taabu kuishinda msimu wa sikukuu. Tena mwenye kiti cha dirishani hupita katikati ya Tsavo mchana kweupe, na tembo wekundu kwa vumbi mara nyingi huonekana kutoka ndani ya behewa. Kituo cha mwisho kiko Miritini, nje ya kisiwa, na hapo ndipo pesa za mgeni huanza kuvuja: teksi humsubiri mlangoni. Matatu za kwenda mjini nazo zipo. Achukue matatu.

Malazi yanafuata kanuni hiyo hiyo. Lojing ya kawaida kisiwani, iliyo safi na yenye feni inayofanya kazi, humweka msafiri karibu na kila anachotaka kukiona, ilhali chumba cha bei kama hiyo mbali ufuoni kitamgharimu nauli kila siku. Mwenye kuweza kuchagua msimu auepuke mwisho wa Desemba na Pasaka.

Kitu kimoja ambacho hakifai kubaniwa pesa ni Ngome ya Yesu. Hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na Mkenya hulipa sehemu ndogo tu ya kiingilio anachotozwa mgeni wa ng'ambo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milan, nao UNESCO waliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Wageni wengi hupita humo mbio mbio, wakapiga picha na mizinga na kutoka. Ni hasara. Ngome hii inadai asubuhi nzima, na iliyo bora ni asubuhi ya mapema, kabla mawe ya matumbawe hayajaanza kurudisha joto.

Ndani yake kuna ukuta wa lipu ambao askari wa Kireno waliuchora meli na watu, michoro ya wanaume waliokuwa mbali na kwao wakiua muda. Mgeni asimame hapo kidogo. Kisha akumbuke mazingiwa ya 1696 hadi 1698, pale majeshi ya Oman yalipoizunguka ngome kwa miezi 33. Maradhi yaliwamaliza walinzi kuliko risasi. Agosti 1697, Wareno walipokuwa wamekwisha kufa, ngome ilibaki mikononi mwa Bwana Daud, mwana wa watawala wa Faza, pamoja na jamaa zake wachache na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Watu hao ndio walioishikilia mpaka msaada ulipofika kwa bahari. Vitabu vya shule huwataja Wareno na Waomani, huku wanawake wale wakisahaulika, ingawa walisimama juu ya kuta zile zile anazozikanyaga mgeni leo. Mwaka huo huo meli ya vita ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliifanyia uchunguzi miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho ya ndani. Waingereza nao waliigeuza ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Yote hayo yamo katika kiingilio kimoja.

Nje ya lango, waongozaji watamfuata mgeni. Wapo wenye vitambulisho na elimu ya kweli, na saa moja na mmoja wao ina thamani yake, hasa kwa kundi la watu wanne au watano wanaochangia. Bei ikubaliwe kabla ya hatua ya kwanza, kwa sauti, mbele ya wote.

Baada ya hapo ni miguu. Kutoka ngomeni hadi bandari ya kale hapazidi nusu saa hata kwa anayetembea polepole, na kutembea polepole ndiyo shughuli yenyewe. Ndia Kuu inapinda pamoja na nyumba zake zenye roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia na milango ya nakshi iliyong'arishwa na mikono ya vizazi. Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kujengwa mwaka 1570, umesimama na mnara wake mweupe unaochongoka kuelekea juu, na bado watu wanaswali humo mara tano kwa siku. Mbele kidogo ipo Leven House, iliyopewa jina la meli ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyetia nanga hapa miaka ya 1820 akajaribu kuuweka mji chini ya ulinzi wa bendera yake, na ngazi za mawe zinazoteremka hadi majini. Hakuna anayetoza senti kwa kutazama.

Kinachotozwa ni adabu. Mji wa Kale ni mtaa wa watu wanaoishi, wenye watoto wanaotoka chuoni na akina mama wanaotoka sokoni. Mavazi ya ufuoni yabaki ufuoni. Salamu itangulie swali, na ruhusa itangulie picha. Anayesema "Shikamoo mzee" kwa wazee wa barazani hupata maelezo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha watalii.

Kuhusu chakula, hapa ndipo mfuko mwembamba unapopata raha yake kamili. Alfajiri kuna mahamri na mbaazi. Mama huketi nyuma ya karai, unga umekatwa pembe tatu, na hamri likitupwa katika mafuta huzama kidogo, likaibuka, likavimba, naye akaligeuza mara moja tu kwa mwiko wenye matundu. Harufu ya iliki humfikia mteja kabla hajaagiza. Mbaazi za nazi huja ndani ya kibakuli, nzito, na sahani hiyo humshikilia mtu mpaka adhuhuri. Alasiri ni zamu ya viazi vya karai, bhajia na mishkaki, pamoja na achari ya embe na ukwaju wa kuchovya. Jioni muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa akigonganisha vikombe, na kahawa tungu kwa kashata ni sarafu chache tu. Mwezi wa Ramadhani mchana huwa kimya, lakini kuanzia alasiri meza za soko la Markiti hujaa sambusa, kaimati na katlesi kwa wingi ambao hauonekani mwezi mwingine wowote.

Kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya wakazi hawalihesabu kuwa utalii: feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi. Bure kabisa mtu husimama katikati ya mkondo wa Kilindini, meli za mizigo zikipita karibu kiasi cha kusoma majina yake, mbavuni akiwa na wafanyakazi, wanafunzi, wauza samaki na mikokoteni. Kutoka kivukoni ni mwendo mfupi hadi Mama Ngina, mahali wenyeji wanapopaita Lighthouse, palipokarabatiwa na kutumika kwa sherehe za Mashujaa mwaka 2019. Chini ya mibuyu mikongwe watu hula mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, wakinywa madafu na kutazama bahari kuu. Jumapili jioni nusu ya mji huwa hapo.

Mwenye siku ya ziada apande matatu ashuke Kengeleni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Hapo bado imesimama kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875. Kengele hiyo ililia kutahadharisha watu dhidi ya wafanyabiashara wa utumwa. Magari hupita pembeni yake mchana kutwa, na abiria wengi wanaotaja jina la kituo hicho kila siku hawajawahi kushuka kuitazama.

Lakini si wao peke yao wa kulaumiwa. Mgeni asiye na mwongozaji hutembea Ndia Kuu bila kuona kibao kimoja cha maana kinachomweleza nyumba hii ilikuwa ya nani na ngazi zile zilitumiwa na nani. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na tangu hapo roshani zimeendelea kuoza, nyumba za mawe zimeendelea kubomolewa usiku na kuibuka tena zikiwa maghorofa ya saruji yenye madirisha ya alumini. Hoteli ya ufuoni haipotezi mteja nyumba hizo zinapoanguka. Anayepoteza ni msafiri wa shilingi 1,500, pamoja na mama wa mahamri, muuza kahawa na kijana mwongozaji, ambao pesa za msafiri huyo huwafikia mkononi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo serikali ya Kaunti ya Mombasa na Makavazi ya Kitaifa wanaweza kuanza na mambo yasiyohitaji mkopo wa mtu yeyote: vibao vya Kiswahili kwenye nyumba, misikiti na visima vyenye historia, ramani ya matembezi itolewe bure pale kituoni Miritini, choo safi cha umma karibu na Ndia Kuu, na sheria ya hifadhi isimamiwe kila ombi la kubomoa linapoletwa. Na mwalimu mkuu yeyote wa bara anayepanga ziara ya wanafunzi muhula ujao awatengee watoto hao asubuhi moja ngomeni na alasiri moja mitaani, kabla ya kuwapeleka kuogelea.