Country Safi? Safi Wapi?

Panda matatu ya Embu kwenda Meru Jumapili. Country itapigwa kutoka Runyenjes hadi Chuka, na mzee kando yako atasema: huu ndio muziki safi, si hiyo gengetone yenu. Safi wapi? Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, baa za Marekani zilitawaliwa na “Pistol Packin' Mama” ya Al Dexter. Jamaa anakunywa bia na kuponda raha, mwanamke wake anamfumania, ana bastola, jamaa anatimua mbio. Hiyo ni gengetone iliyovaa kofia ya kauboi! Shida si maadili. Sheng mnaielewa, Kiingereza cha Texas kinawapita. Pigeni tu, wazee, hata mimi naipenda. Lakini kabla ya mahubiri, sikilizeni maneno.